Sifuri ya Saa Mbili

Umewahi kukaa chini ya pangaboi linalokwenda mbio, ukajiuliza linazungukia upande gani? Ukilikazia macho, mara unaliona linakwenda kulia, mara kushoto, na mwisho unabaki na neno moja tu la hakika: kwamba linakwenda mbio. Basi liweke hilo akilini, maana jina la maiti lilikuwa limening'inia hapo.

Asubuhi ya Jumanne, Mkaguzi Tahiya Khatib alipofika ofisi ya upelelezi hapa Mjini, Bi Mwatum alikuwa keshafika. Amekaa pale pale alipokaa jana na juzi, mwisho wa benchi karibu na mlango, buibui limefungwa vizuri chini ya kidevu, na mapajani amepakata furushi la mraba, la kitambaa cheupe kilichopigwa pasi.

"Shikamoo, Bi Mwatum."

"Marahaba, mwanangu."

"Umekuja na gari ya saa ngapi leo?"

"Ya alfajiri. Nshazoea."

Sajenti Ubwa, msaidizi wa Tahiya, mtu mnene mwenye maneno mengi, alimletea bibi chai ya maziwa. "Liweke chini furushi, bibi, unywe kwa raha. Hapa hamna wezi, ila tuliokwisha kuwafungia."

Bi Mwatum alitabasamu kidogo. Alipokea kikombe kwa mkono wa kulia. Wa kushoto ukabaki juu ya furushi. Hakuliweka chini, wala hakuliweka hata juu ya benchi pembeni yake, na benchi lilikuwa tupu.

"Siku zote mie nilidhani ni mkate wa kumimina," Ubwa alimnong'oneza mkubwa wake walipoingia ndani. "Lakini mkate gani wa siku kumi na moja, Afande?"

Tahiya alirudi mlangoni, akachutama mbele ya yule mama. "Bi Mwatum, unataka nikufanyie nini?"

"Sitaki kitu, mwanangu. Nimekuja kukaa tu."

Hilo ndilo lililokuwa jibu lake kila siku.

Jalada lilikuwa mezani, jembamba, na juu yake kikaratasi cha mkuu wa ofisi: *Lifungwe Alhamisi.* Tahiya alilisoma tena tangu mwanzo, kidole kikifuata mistari.

Kazija, binti wa pekee wa Bi Mwatum, alikuwa na miaka ishirini na saba. Akilima mwani Matemwe pamoja na wanawake wenziwe, na kwa kuwa hesabu zake zilikuwa safi tangu skuli, maabara moja ya mambo ya bahari ilimpa kazi ya kukitazama kisanduku chao. Kisanduku chenyewe kilifungwa kwenye kigingi katikati ya kamba za mwani, na chini yake, ndani ya maji, kilikuwa na pangaboi dogo mfano wa kiganja. Maji yakipita, pangaboi linazunguka, na kila robo saa kisanduku kinaandika limezunguka mara ngapi.

Jumatano ya bamvua lililopita, yale maji makubwa ya kila nusu mwezi, saa mbili na dakika arobaini za asubuhi, Kazija alimwandikia mtaalamu wa maabara kwa simu: *Kesho nakuja na karatasi.* Saa nne kasorobo wanawake walimkuta amekufa, amenaswa na kamba, hatua chache kutoka kwenye kisanduku. Simu haikuonekana. Malapa yake, ndala za kuendea pwani, yalikutwa mbali, upande wa kusini, chini ya mikadi, ile miti ya pwani yenye maua ya kunukia, yamepangwa jozi kama ya mtu aliyeingia msikitini. Daktari aliandika maji mapafuni, na uvimbe nyuma ya sikio, *huenda ni jiwe*.

Pwani ile hata mtoto angeichora. Kaskazini kuna ghala la kukaushia mwani. Kusini kuna mikadi. Katikati kuna kamba za wanawake. Na kandokando ya kamba hizo, ndani ya mwamba, unapita mfereji wa maji usiokauka hata bamvua likipwa. Kinachoangukia mferejini kinachukuliwa, ama kaskazini ama kusini, hakuna njia ya tatu.

Sasa angalia. Ikiwa saa tatu ile maji yalikuwa yakienda kaskazini, basi Kazija aliingia kwa miguu yake kule mikadini, akavua malapa, akachukuliwa mpaka kambani. Ikiwa yalikuwa yakienda kusini, basi alitokea upande wa ghala, na malapa yale yalipangwa na mkono wa mtu mwengine.

Karatasi ya maabara ilisema: kaskazini. Na Mkubwa Faki, msimamizi wa ghala, alisema alimwona kwa mbali akiingia majini peke yake. Basi ikaandikwa kwamba amejitupa. Huko kijijini watu walianza kushusha sauti kila walipolitaja jina la Kazija.

"Ubwa, maelezo ya Mkubwa Faki mbona yako mara mbili?"

"Ya kwanza yalikuwa na kosa, Afande. Alirudi mwenyewe kuyasahihisha."

"Kosa gani?"

"Dogo tu. La mwendo wa maji."

Tahiya alizitoa karatasi zote mbili, akazikunja, akazitia mkobani. "Twende Kiponda."

Maabara ilikuwa katika dari ya pili ya nyumba kongwe, ngazi zake za mbao zimelika katikati kama jiwe la kusagia. Mtaalamu aliyewapokea aliitwa Nadra, kijana wa kike mwembamba, kalamu kaichomeka kwenye mtandio akaisahau, akawa anaitafuta mezani.

"Nataka kujua kitu kimoja," Tahiya alisema. "Kisanduku kilijuaje kuwa ni kaskazini?"

"Hakikujua."

Ubwa aliacha kujifuta jasho.

"Kinahesabu mizunguko tu," Nadra alisema. "Pangaboi likizungukia kulia, moja. Likizungukia kushoto, moja pia. Kwake yeye kwenda na kurudi ni mamoja. Ukubwa wa mwendo upo, upande wake umepotea."

"Na karatasi yenu ina upande."

"Tunaurudisha kwa hesabu, dada. Maji hayawezi kuacha kwenda kusini yakaanza kwenda kaskazini bila ya kusimama kwanza. Kwa hiyo penye sifuri ndipo yalipogeuka. Kompyuta tumeiambia: ukikuta sifuri, geuza."

"Na upande wa kuanzia?"

"Huo lazima tupewe na mwenye macho. Hata tukizipata zamu zote za kugeuka sawasawa, bila ya macho tunaweza kukosea mwanzo hadi mwisho, kila kaskazini ikawa kusini. Ndiyo iliyokuwa kazi ya Kazija. Kila asubuhi akituletea picha moja."

Aliigeuza kompyuta. Picha ilikuwa ya video, ya asubuhi ile ile. Maji yanameremeta kwa jua, kamba zimetanda, na mwani wote umelala upande mmoja kama nywele zilizochanwa. Nyuma kwa mbali linaonekana bati la ghala. Kisha ikaja sauti ya msichana, nyepesi, yenye kicheko ndani yake: "Saa moja na robo. Mwani umelalia mikadi. Na mie maji yananifika kifuani, Bi Nadra, kesho niletee ngazi."

Ikakatika. Ubwa alikwenda dirishani akatazama mapaa ya mabati.

"Umelalia mikadi," Tahiya alisema. "Kusini."

"Kusini. Halafu saa mbili kuna sifuri, basi hapo yamegeuka. Baada ya hapo ni kaskazini."

"Bahari ilipwa saa ngapi siku hiyo?"

"Saa nne na nusu. Lakini ndani ya mwamba maji yana mambo yao. Upepo wa kusi ukisukuma yanaweza kugeuka mapema. Na tokea mwezi uliopita mwendo wake umebadilika kabisa. Hizo ndizo karatasi alizokuwa akiniletea."

"Karatasi za nini hasa?"

"Alisema mwamba umevunjwa karibu na ghala. Mtu kafungua njia ya mashua kwa nyundo na baruti, bila ya ruhusa ya mtu yeyote, na sasa maji yanaingia kwa nguvu yanang'oa mwani wa wenziwe. Siku zote alizosikia mshindo aliziandika."

"Hayo uliyasema kwa aliyekuja kukuhoji?"

"Aliniuliza kaskazini au kusini. Basi."

Tahiya aliomba karatasi ya hesabu za asubuhi ile, akaisoma taratibu, kwa sauti ndogo, kama mtu anayepima unga.

"Saa moja na nusu, mia nne na kumi na mbili. Saa mbili kasorobo, mia nne na tano. Saa mbili, sifuri. Saa mbili na robo, sifuri. Saa mbili na nusu, mia tatu tisini na moja. Saa tatu kasorobo, mia tatu themanini na nne." Kidole kikashuka mpaka chini. "Saa nne, mia na ishirini. Na robo, thelathini na nane. Saa nne na nusu, sifuri. Saa tano kasorobo, thelathini na tano. Nadra, ulipokuwa mdogo ulipanda bembea Sikukuu, pale Mnazi Mmoja?"

"Nani hakupanda?"

"Bembea likifika juu linasimama vipi?"

"Linapunguza. Linapunguza mpaka linasimama, halafu linarudi polepole."

"Na likiwa chini kabisa, mbio zake zote, likasimama ghafla?"

"Mtu kali..." Nadra aliishia hapo.

Tahiya alimsogezea karatasi. "Malizia."

"Mtu kalishika."

"Na akiliachia?"

Nadra alivua miwani. Alizitazama zile sifuri mbili za saa mbili, na ile moja ya saa nne na nusu, akazitazama tena. "Ya saa nne na nusu ni ya maji yenyewe. Imekuja kwa ngazi, imeondoka kwa ngazi. Ya saa mbili imekatwa kama kwa kisu. Mia nne na tano, hamna, mia tatu tisini na moja. Maji hayajageuka hapo. Yaliendelea kwenda, ila pangaboi lilizuiliwa."

"Na kompyuta ikageuza."

"Ikageuza. Na kila kilichofuata kikawa kichwa chini." Alihesabu kwa vidole, midomo ikitikisika. "Saa tatu... kusini. Ilikuwa kusini, dada Tahiya. Na mie ndiye niliyetia sahihi. Yule mama—"

"Usilie sasa. Hesabu peke yake wakili ataipinda. Nataka mkono uliolishika pangaboi."

Walipokuwa wakishuka ngazi Ubwa alisema, "Mkono wenyewe tunaujua. Mkubwa Faki kalishika makusudi ili atupoteze."

"Ili atupoteze ilimbidi ajue kompyuta imeambiwa nini. Wewe ulijua?"

"Mie hata sasa sijui, Afande."

"Basi na yeye hakujua. Huyo ni mtu mwengine, na alikuwapo saa mbili. Kanyaga taratibu, ngazi hiyo imeoza."

Jumatano bamvua lilikuwa limerudi. Saa mbili za asubuhi walikuwa wamesimama majini Matemwe, Ubwa kakunja suruali mpaka magotini na bado imerowa mpaka kiunoni. Mbingu ilikuwa ya kijivu, bila upepo. Wanawake kama ishirini walikuwa wameinama kambani, na hapakuwa na aliyeimba. Kule kaskazini, mlangoni mwa ghala, mtu mwenye shati jeupe alisimama akiwatazama, hakuondoka wala hakupunga mkono.

Tahiya alikifungua kigingi, akakitoa kisanduku majini. Pangaboi lilizunguka vizuri kwa kidole. Alichukua wembe, akachokoa polepole kule ndani linakoshika, akatoa kitu kama ndevu: nyuzi fupi, tatu, nne, tano, zimesokotana, za rangi ya machungwa.

"Pamba," Ubwa alisema.

"Kanga. Zitie bahashani. Andika saa."

Hakumuuliza mtu. Alisimama pale maji yakimpita mapajani, akawatazama wanawake wanavyofanya kazi, robo saa nzima. Pwani ile ina kunguru wezi. Ukiacha furushi lako mchangani, ukirudi unakuta kitambaa tu. Ndiyo maana kila mwanamke hulitundika furushi lake la chakula juu ya kigingi cha karibu na kamba zake, na kigingi hicho ni chake mwaka hadi mwaka, hata mtoto wake anakijua. Asubuhi ile mafurushi yalikuwa yamening'inia juu ya vigingi, moja hapa, moja pale. Yote isipokuwa moja. Msichana aliyekuwa akifunga mwani kwenye kamba zilizo karibu kabisa na kisanduku alikuwa na furushi kichwani, na kila akiinama analishika lisianguke.

Tahiya alimsogelea. "Shingo haikuumi?"

"Nshazoea, Afande."

"Unaitwa nani, mdogo wangu?"

"Salhiya."

"Mwenzio Kazija mlikuwa mkipakana kamba."

"Tulikuwa tukipakana kila kitu."

"Tokea lini unafanya kazi na furushi kichwani, Salhiya?"

Msichana aliendelea kufunga. Mikono yake ilikuwa na nyufa za chumvi. "Bamvua hili."

"Lililopita ulikuwa ukilitundika wapi?"

Msichana alivuta fundo likakaza. Tahiya alinyoosha mkono, akalishusha lile furushi kutoka kichwani mwa msichana kama mama anayemtua mtoto mzigo. Kanga ilikuwa kuukuu, ya machungwa, na kona yake moja imeshonwa upya kwa uzi wa buluu.

"Kona hii imeliwa na nini?"

"Wallahi sikukusudia," Salhiya alisema, na sauti ikamtoka yote kwa mara moja. "Kigingi changu kilivunjika. Nikasema nilitundike hapo kidogo tu, kisanduku hakiumwi. Kumbe kona imeangukia majini, pangaboi likaimeza. Kazija ndiye aliyeona. Akanambia, shoga, toa haraka, leo utanigombanisha na kompyuta! Tukacheka. Tukavuta sote wawili mpaka ikakatika."

"Kisha?"

"Kisha tukafunga mwani. Baadaye akatoa simu akaandika. Alikuwa hajairudisha katika mfuko wake wa nailoni wenye karatasi, akaitwa."

"Na nani?"

Salhiya hakulitazama ghala. Aligeuza uso hasa asilione. "Niliona mkono unapunga pale mlangoni. Akanambia, nnakwenda kumsikiliza, narudi sasa hivi. Akaenda."

"Upande gani?"

"Kule." Kidevu kikaonyesha kaskazini.

"Malapa yake?"

"Alikuwa nayo mkononi."

"Na hakurudi."

"Alirudi," Salhiya alisema. "Alirudi na maji. Mie ndiye niliyemkuta."

Ubwa aliacha kuandika. Tahiya alimrudishia msichana furushi lake, lakini mkono hakuuondoa begani pake.

"Kwa nini ulinyamaza siku zote hizi?"

"Mkubwa Faki alitwambia tangu mwanzo, hataki ugomvi na wasomi, atakayekigusa kisanduku kamba zake atazikata. Mama yangu mgonjwa, kula yetu ni kamba hizi. Halafu ikaja habari kuwa kisanduku kimesema kaskazini. Mie nikajiambia, basi macho yangu ndiyo mabovu. Kisanduku kina wasomi wake."

"Kisanduku hakikusema. Kilizibwa mdomo kwa kanga yako, na sisi tukakisemea." Tahiya alimgeukia Ubwa. "Muandikie maelezo yake sasa hivi, akusomee mwenyewe, atie sahihi. Usimwache peke yake hatua moja. Halafu utanikuta ghalani."

Ghala lilikuwa refu, bati juu, kuta za mbao, na ndani milima ya mwani mkavu iliyonuka chumvi na kitu kama damu. Mkubwa Faki alimpokea kwa heshima. Mtu wa mjini, wa Amani, miaka sita tangu ahamishiwe pale, ndevu zimechongwa vizuri. Nyuma yake, kupitia mlango wa upande wa bahari, ulionekana mwamba, na kwenye mwamba pengo la upana wa mashua mbili, kuta zake nyeupe pe kama jino jipya.

"Karibu, Afande. Chai?"

"Ahsante, nshakunywa. Una njia nzuri ya mashua."

"Bahari yenyewe imeifungua."

"Bahari inatumia nyundo?" Tahiya alizitoa zile karatasi mbili, akazifungua juu ya gunia. "Nina jambo dogo. Siku ya kwanza uliulizwa maji yalikuwaje. Nakusomea: 'Yalikuwa yakishuka kusini kama bamvua zote.' Haya ni maneno yako?"

"Nilikosea."

"Siku ya tatu ukaja kituoni mwenyewe, hukuitwa. 'Yalikuwa yakienda kaskazini.' Nini kilitokea siku ya pili?"

"Nilikumbuka."

"Siku ya pili ilitoka karatasi ya maabara."

"Sadfa."

"Umesimama mlango huu miaka sita, kila asubuhi. Macho yako yalisema kusini, na yalisema kusini wakati hujajua kuwa neno hilo lina uzito. Karatasi ikasema kaskazini, ukayaacha macho yako ukaifuata karatasi."

Mkubwa alicheka kwa pua. "Afande, mie si mtaalamu. Mwenye kujua ni kisanduku. Ulizeni kisanduku, mie mniache na mwani wangu. Kisanduku ndicho shahidi."

"Naam. Kisanduku ndicho shahidi." Tahiya aliweka juu ya gunia karatasi ya tatu, yenye sahihi mpya ya Nadra. "Kimeulizwa tena jana. Maji yalikwenda kusini tangu alfajiri mpaka saa nne na nusu, hayakugeuka hata mara moja. Ulidhani yatamfikisha mpaka mikadini, kwenye malapa. Kamba za wenziwe zikamshika njiani. Ukakaa siku mbili roho mkononi, halafu karatasi ikaja kukuokoa, na hukujua hata kwa nini."

"Kidude cha plastiki ndicho kitakachonifunga mie?"

"Peke yake, hapana. Kina mwenzake."

Ubwa alikuwa amekwisha kusimama mlangoni, pingu mkononi, na mara hii hakuwa na utani. Mkubwa aliangalia nyuma yake, nje, kule kwenye kamba. Wanawake wote walikuwa wameacha kazi. Walikuwa wamesimama wima, maji magotini, ishirini na zaidi, hawasemi, hawaondoki, wanalitazama ghala. Na katikati yao mmoja alikuwa akitundika furushi la machungwa juu ya kigingi.

"Walikuja kumtafuta," Mkubwa alisema polepole, kama anayejisemea, "nikawaambia sijamwona."

"Hilo halimo katika maelezo yako," Tahiya alisema. "Uliandikisha kuwa ulimwona akiingia majini. Ubwa, andika. Na mlango huu ufungwe, tutaanza na sakafu."

Simu ya Kazija ilitoka chini ya gunia la nane, imefungwa ndani ya mfuko wa nailoni pamoja na karatasi zake, tarehe za mshindo zote zimepangwa kwa mwandiko wa skuli.

Adhana ya alasiri ilikuwa imekwisha waliporudi Mjini. Mkubwa alipitishwa mlango wa nyuma. Tahiya aliingia wa mbele, viatu bado vina mchanga, akamkuta Bi Mwatum mwisho wa benchi, furushi mapajani, kikombe cha chai kimepoa pembeni yake.

Hakuchutama safari hii. Alikaa naye kwenye benchi.

"Bi Mwatum, binti yako hakujitupa. Alipigwa, akatiwa majini. Aliyefanya hivyo tunaye humu ndani. Kesho nitaandika hivyo juu ya jalada, kwa mkono wangu, na nitakwenda Matemwe kuwasomea watu."

Yule mama hakulia. Alivuta pumzi moja ndefu, akaitoa. Kiganja chake kikapita juu ya kitambaa cheupe, mara moja, mara ya pili.

"Mwani ulikuwa umelalia wapi?" aliuliza.

"Mikadi."

"Alinambia. Jioni alipokuwa akinifundisha kazi yake. Alinambia, mama, mwani hausemi uongo."

Walikaa. Ubwa alitokea na chai nyengine, akaona, akarudi nayo ndani kimya.

"Sasa niambie," Tahiya alisema. "Siku kumi na mbili umekaa hapa. Unataka nini?"

Bi Mwatum alilifungua fundo la kitambaa. Ndani mlikuwa na kisanduku cha mbao, na ndani ya kisanduku vijitabu vyembamba vya jalada la kijani, vimepangwa migongo juu, thelathini kamili.

"Siku ya tatu niliziazima juzuu hizi za Msahafu msikitini, nimsomeshee mwanangu khitma. Nikapika, nikatandika majamvi. Wakaja watu wanne, na hao wanne hawakunitazama usoni. Nikazifunga. Nikasema sizirudishi hazijasomwa, na chini siziweki." Alikishika kisanduku kwa mikono miwili, akakisogeza kidogo kuelekea kwa Tahiya. "Nataka watu thelathini, mwanangu. Kila mtu na juzuu yake mkononi. Na kabla ya dua mtu asimame ataje inasomwa kwa ajili ya nani. Asinong'one. Aseme, Kazija binti Mwatum, wamsikie mpaka pwani."